Kabla ya kununua flashi ndogo ya kamera, angalia shingo yake

Fungua simu yako utafute picha tano ambazo ungeumia zikipotea. Yaelekea hakuna ya machweo hapo, wala ya sahani ya nyama choma. Ni za watu: mbogi yako siku ya kumaliza chuo, nyanya yako akicheka sebuleni, dada yako usiku wa kabla ya harusi. Na nyingi zilipigwa jioni au ndani ya nyumba, kwa sababu huko ndiko tunakokutana. Mchana kila msee ako kwa shughuli zake.

Sasa zivute uzitazame kwa karibu. Nyuso zina ukungu, macho yamegeuka mashimo meusi, na ngozi imelainika kama plastiki kwa sababu simu ilibahatisha kile ambacho haikukiona. Taa ya ukutani imetoka vizuri kabisa. Aliyekaa chini yake ndiye hatambuliki.

Kama una kamera, hata ile ndogo ya mitumba, huenda umeshawaza kununua flashi ya kubandika juu yake. Zipo ndogo siku hizi, zinatosha mfukoni mwa jaketi. Je, zinasaidia kweli ama ni pambo jingine la kumaliza doh? Zinasaidia, tena sana. Lakini si zote, na si kwa namna ambavyo wengi huzitumia.

Flashi hufanya kazi gani?

Kamera hula mwanga. Ikikosa, ina njia chache za kujiokoa. Inaweza kuacha mlango wake wa mwanga, yaani shata, wazi kwa muda mrefu, na hapo kila anayetikisika anageuka moshi. Inaweza kupandisha ISO, na picha ikajaa chengachenga. Ama, kama zinavyofanya simu nyingi usiku, inaweza kupiga picha kadhaa kwa mpigo, kuziunganisha na kujaza mapengo kwa hesabu.

Flashi haihangaiki na hayo yote. Inaleta mwanga wake yenyewe. Ndani yake mna kibomba chenye gesi ya zenoni, na umeme uliolimbikizwa hupita humo mara moja kwa kishindo. Ikiwa kwa nguvu ndogo, mwako huo hudumu kwa muda mfupi kuliko sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Ndiyo maana mguu wa anayecheza hugandishwa hewani, na jasho likirushwa unaweza kuhesabu matone.

Kitaa kilicho nyuma ya simu nyingi ni kitu kingine. Hiyo ni LED, ndugu yake tochi. Nguvu yake ni kidogo, na imekaa karibu sana na lenzi. Flashi ninazozungumzia hapa huvikwa kwenye kishikio cha chuma kilicho juu ya kamera. Kwa hivyo kama wewe hupiga kwa simu pekee, usinunue kwanza. Soma tu, kwa sababu mengi ya hapa chini kuhusu mwanga yatakufaa hata ukiwa na taa ya kawaida ya meza.

Ndogo ni za aina mbili

Aina ya kwanza ni kijisanduku kisichopinda popote. Kinatazama mbele basi. Mfano ni Godox iM30, inayotumia betri mbili ndogo za AAA na kukaa kwenye kiganja bila kukijaza. Unaweka nguvu mwenyewe kwa mkono, kisha unapiga.

Aina ya pili ni kubwa kidogo, lakini ina shingo: kichwa chake huinuka kutazama dari na huzunguka kutazama ukuta wa kando. Godox TT350 ni ya aina hii. Inatumia betri mbili za AA, na hutengenezwa kwa matoleo tofauti ya Canon, Nikon, Sony, Fujifilm na kadhalika. Pia inaweza kuzungumza na kamera na kujipimia mwanga yenyewe, mfumo unaoitwa TTL.

Tofauti ya bei ipo, na ya kwanza inavutia kwa sababu ni rahisi na inapendeza machoni. Lakini ukiniuliza kitu kimoja cha kuangalia kabla ya kulipa, sitakwambia jina la kampuni wala nguvu. Nitakwambia shingo. Sababu yake unaweza kuiona mwenyewe usiku huu.

Jaribio la dakika kumi

Mketishe rafiki kwenye kiti, kama mita moja kutoka ukutani. Zima taa nyingine. Weka kamera ISO 400, tundu la lenzi f/4, shata sehemu ya 1/125 ya sekunde.

Picha ya kwanza, elekeza flashi usoni moja kwa moja. Utaona paji la uso linameta kama limepakwa mafuta ya kupikia, pua imebapa, na nyuma yake kivuli cheusi kimechorwa ukutani kama mtu wa pili. Hii ndiyo sura ya picha za kituo cha polisi.

Picha ya pili, inua kichwa cha flashi kitazame dari. Ongeza nguvu, kisha piga. Mmeto umeondoka. Mashavu yamepata umbo, kivuli kimeyeyuka, na chumba chenyewe kimeonekana.

Picha ya tatu, geuza kichwa kitazame ukuta mweupe ulio kando. Sasa mwanga unaingia kama unaotoka dirishani. Upande mmoja wa uso unang'aa na mwingine unafifia polepole. Hii ndiyo ile picha watu hukuuliza umeipigia studio gani.

Kamera ni ile ile, na hata mtu hajabadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa chanzo cha mwanga. Flashi yenyewe ina kioo kisichozidi upana wa vidole viwili au vitatu, na mwanga unaotoka mahali padogo huwa mkali, wenye vivuli vya kukata. Ukiurusha darini, dari yote inageuka taa yako. Jua la saa sita na anga lenye mawingu hutofautiana vivyo hivyo.

Kuna faida nyingine. Mwanga hupungua upesi mno unaposafiri. Aliye mita 2 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga anaopata aliye mita 1, na aliye mita 3 hupata sehemu moja kwa tisa. Ndiyo maana ukipiga meza ya watu wanane moja kwa moja, wa mbele anatoka mweupe kama chaki na wa nyuma wamemezwa na giza. Mwanga ukitoka darini, umbali kati yao na chanzo hukaribiana, na kila mtu anapata haki yake.

Na kama dari ni mabati?

Vitabu vingi vya upigaji picha huchukulia kwamba kila nyumba ina dari nyeupe ya futi nane. Wewe unajua hali ilivyo. Nyumba nyingine ina mabati wazi yaliyoshika moshi. Nyingine landlodi aliipaka kijani ya hospitali. Ukumbi wa kanisa una paa refu ambalo mwanga wa flashi ndogo hauwezi kwenda na kurudi.

Mwanga hubeba rangi ya pale ulipogonga. Ukuta wa kijani utakupa nyuso za kijani, na wa machungwa utakupa watu wenye homa ya manjano. Tafuta kitu cheupe: pazia, mlango wa friji, hata rafiki aliyevaa shati jeupe akisimama kando yako. Kitambaa cheupe kikishikwa na watu wawili ni dari tosha.

Ukikosa vyote, chukua karatasi nyeupe ya A4, ikunje mara mbili na uifunge kwa mpira wa pesa nyuma ya kichwa cha flashi kilichoinuliwa, iwe imeinama mbele kidogo. Sehemu ya mwanga itapanda juu na sehemu itasukumwa mbele kwa upole. Haitafikia dari nyeupe, lakini itashinda kupiga moja kwa moja.

Kwa flashi isiyo na shingo, njia zimebana. Unaweza kuinua kadi nyeupe mbele yake kwa mteremko ili irushe mwanga juu, au kuifunika kwa tishu. Tishu hupunguza ukali wa nguvu, lakini chanzo kinabaki kidogo vile vile, kwa hivyo kivuli cha ukutani hakiendi popote. Basi ikiwa unapenda ile sura ya picha za zamani za sherehe, mwanga mkali usoni na giza nyuma, flashi hiyo ya kijisanduku itakufaa. Ijue tu kuwa hiyo ndiyo sauti yake pekee.

Ngozi yetu na mashine zao

Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi zake kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Yeye akitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Wenye ngozi nyeusi walitoka walivyotoka, na katika picha ya kikundi mara nyingi kilichobaki ni meno na macho.

Kamera za leo zimeboreka mbali, lakini kipimo cha mwanga bado kinahitaji msaada wako. Mfumo wa kujipimia hudhani kwamba mbele yake pana kitu cha rangi ya wastani. Mpige rafiki mweusi mwenye suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi, na flashi itadhani giza limezidi, itamwaga mwanga, naye atatoka amepauka kama aliyepakwa majivu. Mpige bibi harusi aliyevaa gauni jeupe, na flashi itaogopa weupe ule, itajizuia, na uso wake utazama.

Dawa yake ni kitufe cha kuongeza na kupunguza nguvu ya flashi. Suti nyeusi, shusha kidogo. Gauni au kanzu nyeupe, pandisha. Kisha tazama uso, si nguo. Ngozi nyeusi hupendeza sana kwa mwanga mpana unaotoka kando, kwa sababu huteleza juu yake na kuonyesha mfupa wa shavu, taya na mstari wa shingo. Hapo tena ndipo shingo ya flashi inapolipa deni lake.

Usiue taa za sherehe

Malalamiko ya wengi ni kwamba flashi huharibu hali ya mahali. Umeenda pahali penye taa za zambarau, DJ ako na moshi wake, ukipiga picha inatoka kama mko kwenye ghala lenye giza. Kosa si la flashi. Shata imefungwa upesi mno, ikauacha nje mwanga wa mahali penyewe.

Ipunguze mwendo iwe sehemu ya 1/30 au hata 1/15 ya sekunde. Flashi itamgandisha mtu wako, na muda unaobaki kamera itakunywa zile taa za rangi. Ukiisogeza kidogo wakati wa kupiga, taa zitajichora mistari nyuma yake. Ndani ya matatu yenye taa zake na skrini zake, mbinu hii ni kali. Lakini piga kuelekea nyuma ya gari, kamwe si kumwelekea dereva, na gari likiwa limesimama ni bora zaidi.

Upande wa pili una mpaka. Kamera nyingi haziwezi kutumia flashi ya kawaida shata ikipita sehemu ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukivuka, utaona ukanda mweusi umekata picha. Flashi haijaharibika. Rudisha tu mwendo chini.

Kabla ya kutoa pesa

Ukishuka Luthuli Avenue ama ukiagiza mtandaoni, kuna mambo manne ya kuhakikisha.

Kwanza, namba ya nguvu. Kila flashi ina namba ambayo ukiigawanya kwa f ya lenzi inakupa umbali itakaofika kwa mita, ISO ikiwa 100. Yenye namba 15, kwa f/4, inafika mita 3.75. Pandisha ISO hadi 400 na umbali unakuwa maradufu, mita 7.5. Lakini wauzaji hupenda kuandika namba inayopatikana kichwa kikiwa kimebana mwanga kwa ajili ya lenzi ya mbali. Ile 36 ya TT350 hupimwa kichwa kikiwa kwenye milimita 105, na ukifungua kwa lenzi pana inashuka. Kumbuka pia kwamba ukirusha mwanga darini unaweza kupoteza robo tatu yake au zaidi. Kwa hivyo usiogope kupandisha ISO.

Pili, kishikio cha kamera yako. Tazama katikati yake: lazima pawe na kidoti cha chuma. Baadhi ya kamera za bei nafuu, mfano Canon EOS 250D, zimetolewa bila kidoti hicho, na flashi ya kawaida inayotegemea kidoti hicho pekee haitawaka hata ukiibembeleza. Beba kamera yako dukani, ivishe, piga hapo hapo.

Tatu, jihadhari na flashi za babu. Utaziona kwenye mitumba kwa bei ya soda na chapati. Baadhi ya zile za miaka ya zamani, kwa mfano Vivitar 283 za mwanzo, hutuma umeme wa zaidi ya volti 200 kupitia kile kidoti. Zilitengenezewa kamera za filamu ambazo hazikujali. Kamera ya dijitali inaweza kuungua kwa mguso mmoja. Kama huna njia ya kupima, iache.

Nne, betri. Zile za bei ya chini kabisa zitakuangusha katikati ya kukata keki. Utabonyeza, usubiri, usubiri, na keki imeshaliwa. Nunua za kuchajiwa za NiMH, seti mbili, moja ikifanya kazi na nyingine mfukoni. Kwa mtu anayepiga kila wikendi, pesa zake hurudi.

Aliyekuwa na flashi Bamako

Ukidhani haya ni mambo madogo, mtafute Malick Sidibé. Mali ilipata uhuru mwaka wa 1960, na vijana wa Bamako wakawa na santuri mpya, suruali mpya na vilabu vyao vya kucheza. Sidibé alikuwa na kamera nyepesi na flashi. Usiku alizunguka kutoka sherehe moja hadi nyingine, kisha akatundika picha nje ya studio yake ili vijana waje wajitafute na kuagiza nakala.

Moja ya hizo, ya mwaka wa 1963, inaitwa Nuit de Noël. Kijana wa suti na msichana asiye na viatu wanacheza uani, vichwa vikikaribia kugusana, na nyuma yao ni usiku. Bila ile flashi, hakungekuwa na chochote kwenye filamu. Mwaka wa 2007 Sidibé alipewa Simba wa Dhahabu wa heshima ya maisha katika maonyesho ya Venice, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo hiyo. Na aliyoyapiga ni nini? Vijana wakijiburudisha. Nyinyi, miaka sitini iliyopita.

Tazama pia kwamba watu wake wanaonekana kumwamini. Flashi ni kitu cha kelele hata kama haitoi sauti, kwa hivyo omba ruhusa. Usimulike mtoto mchanga machoni kwa karibu. Matangani na kanisani, uliza wenye shughuli kwanza. Na ukianza kulipwa, ama kutumia sura za watu kutangaza biashara, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Idhini si adabu tu hapo, na ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi.

Basi, ununue?

Kama picha zako nyingi ni za mchana nje, hapana. Weka pesa zako kwa lenzi au kwa nauli ya kwenda mahali pazuri. Kama unapenda tu ile sura kali ya picha za zamani na kamera yako ni ndogo, kijisanduku kisicho na shingo kitakufurahisha na hakitakufilisi.

Lakini kama wewe ndiye huitwa kila kukiwa na ruracio, kipaimara au siku ya kuzaliwa kwa sababu "si uko na kamera", nunua yenye shingo, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi. Ukiipata, usiibebe moja kwa moja kwenye shughuli ya mtu. Kaa nayo nyumbani jioni moja, muombe mamako akae kando ya ukuta mweupe, na ugeuze kichwa cha flashi mpaka uso wake utoke jinsi unavyoujua. Na usiache picha hiyo ikae kwenye simu. Ipeleke ikachapishwe.